Baiskeli Mpya Yaeda Chini: Namna ya Kuiunganisha, Kuiendesha kwa Usalama na Kuitunza

Mbulu, Manyara

Mwananchi wa Yaeda Chini anayehitaji baiskeli mpya mara nyingi hulazimika kuifuata katika miji iliyo nyanda za juu, kama vile Haydom au Mbulu, na safari ya kwanza ya baiskeli hiyo huwa ni ya kurudi nayo bondeni. Njiani kuna miteremko mikali, kokoto, vumbi, makorongo na miiba ya migunga. Baiskeli iliyotoka dukani ikiwa na nati iliyolegea au breki isiyokaa sawasawa hukutana na mtihani wake mgumu siku hiyohiyo ya kwanza, tena ikiwa mbali na fundi na mbali na hospitali.

Kwa wakazi wa vijiji vya bonde hilo, vikiwemo Yaeda Chini, Mongo wa Mono na Domanga, ambako Wahadzabe, Wadatoga na Wairaqw wanaishi kwa kupakana, baiskeli ni chombo cha kazi. Hubeba maji, nafaka, dawa, mwanafunzi anayewahi shule na mama anayempeleka mtoto kliniki. Ikiharibika, kazi hizo zote hurudi miguuni na kichwani. Ikimwangusha mwendeshaji, familia hupoteza nguvu kazi kwa wiki au miezi.

Makala hii inaeleza mambo ambayo mnunuzi anapaswa kuyafanya tangu dukani hadi baiskeli inapozoea kazi. Jambo la msingi ni kwamba upya wa baiskeli si uthibitisho wa usalama wake. Baiskeli mpya hukaguliwa mara tatu: kabla ya kuondoka dukani, ndani ya wiki mbili za mwanzo, na baada ya hapo kwa ratiba isiyokatika.

Kabla ya kulipa

Baiskeli nyingi zinazouzwa vijijini nchini ni za fremu nzito ya chuma na gia moja, kama zile za Phoenix kutoka China au Hero na Avon kutoka India. Zipo pia baiskeli za gia nyingi zenye matairi mapana. Kwa njia za bondeni, baiskeli ya gia moja ina faida ya kuwa na vipuri vichache na vinavyofahamika na mafundi wengi. Baiskeli ya gia nyingi humrahisishia mwendeshaji kupanda milima, lakini mfumo wake wa gia huhitaji usafi zaidi na fundi mwenye ujuzi. Mnunuzi aulize kwanza kama vipuri vya aina anayoitaka vinapatikana karibu na anakoishi.

Mnunuzi adai risiti ya EFD na ahakikishe imeandikwa kiasi halisi alicholipa. Vilevile, anakili namba ya fremu, ambayo kwa kawaida hupigwa chini ya ekseli ya pedeli au kwenye bomba la siti. Namba hiyo pamoja na risiti ndiyo uthibitisho wa umiliki endapo baiskeli itaibwa na taarifa kutolewa kituo cha polisi. Mwenye simu ya kamera aipige picha baiskeli yake pamoja na namba hiyo.

Kuhusu ubora, Shirika la Viwango Tanzania (TBS) ndilo lenye dhamana ya viwango vya bidhaa nchini, na Tume ya Ushindani (FCC) hushughulikia bidhaa bandia na malalamiko ya walaji. Mnunuzi anayeuziwa bidhaa bandia ana haki ya kulalamika, na risiti ndiyo itakayomsaidia.

Kuunganisha na kukagua

Baiskeli mpya husafirishwa ikiwa imefunguliwa sehemu kadhaa. Usukani, pedeli, siti, gurudumu la mbele na madigadi huunganishwa dukani au na fundi wa karibu. Inashauriwa mnunuzi awepo wakati wa kazi hiyo, kwa kuwa ndipo atakapojifunza jina na kazi ya kila kiungo, na ndipo atakapoona kama jambo lolote limerukwa.

Uma wa mbele, yaani sehemu inayoshika gurudumu la mbele, hauna budi kuelekea mbele. Mkunjo wake ukionekana kurudi nyuma kuelekea kwenye pedeli, umegeuzwa. Baiskeli ya namna hiyo huyumba na vidole vya mguu vinaweza kugusa tairi wakati wa kukata kona.

Bomba la usukani na bomba la siti huwa na alama inayoonyesha mwisho wa kuyavuta juu. Alama hiyo lazima ibaki ndani ya fremu, isionekane. Bomba lililovutwa kupita alama linaweza kukatika au kuchomoka ghafla. Ili kupima kama usukani umekazwa, mtu asimame mbele ya baiskeli, abane gurudumu la mbele kati ya magoti yake, kisha ajaribu kuuzungusha usukani kwa nguvu ya wastani. Usukani ukigeuka huku gurudumu limetulia, haujakazwa vya kutosha.

Pedeli ndizo huharibiwa zaidi wakati wa kuunganisha. Pedeli ya kulia na ya kushoto hazifanani: ya kulia hukazwa kwa kufuata mwendo wa saa, na ya kushoto hukazwa kinyume chake. Kwa kawaida huwa na herufi R kwa ya kulia na L kwa ya kushoto. Kanuni rahisi ni kwamba spana ikiwa imesimama juu ya ekseli ya pedeli, kuisukuma kuelekea mbele ya baiskeli ni kukaza na kuivuta kuelekea nyuma ni kulegeza, kwa pande zote mbili. Pedeli ianze kuingizwa kwa vidole. Ikigoma, itolewe na kuanza upya, kwa sababu kuilazimisha kwa spana hukata nyuzi za mkono wa pedeli, na hasara yake ni kununua mkono mpya.

Magurudumu yakae katikati ya uma na katikati ya fremu, nati zake zikiwa zimekazwa pande zote mbili. Gurudumu likiinuliwa na kuzungushwa, lizunguke bila kupinda kushoto na kulia na bila kugusa raba za breki. Spoki ziguswe mojamoja kwa kidole: zote za upande mmoja zitoe sauti inayokaribiana. Inayotoa sauti nzito au inayocheza imelegea.

Breki zikaguliwe kwa makini kuliko kitu kingine chochote. Raba ziguse rimu tu, zisiguse tairi wala zisipite katika spoki. Mkono wa breki ukibanwa hadi mwisho, usifike kwenye usukani. Baada ya hapo mnunuzi aisukume baiskeli kwa miguu na kubana breki moja baada ya nyingine. Breki ya nyuma ilifunge gurudumu la nyuma, na breki ya mbele iizuie baiskeli kwenda mbele hata gurudumu la nyuma litake kuinuka. Baiskeli isiyofaulu jaribio hili isipandwe.

Mnyororo wa baiskeli ya gia moja usikazwe kama uzi wa ngoma wala usining'inie. Ukiinuliwa na kushushwa kwa kidole katikati, ucheze kiasi cha sentimita moja hadi moja na nusu. Uliokaza sana hula meno na gololi. Uliolegea huchomoka, mara nyingi mwendeshaji anapokanyaga kwa nguvu kupanda mlima.

Siti na usukani kwa kimo cha mwendeshaji

Baiskeli isiyolingana na mwili humchosha mwendeshaji na kuumiza magoti. Kipimo cha siti ni chepesi. Mwendeshaji aketi, ashikwe au aegemee ukuta, aweke kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinamia upande. Akihamisha mguu ili akanyage kwa sehemu ya mbele ya unyayo, ambayo ndiyo sahihi kwa kuendeshea, goti litakuwa limekunjika kidogo.

Anayejifunza, pamoja na yule anayebeba mizigo mizito, anaweza kuishusha siti kidogo ili ncha za miguu yote miwili ziguse ardhi anaposimama. Siti iwe sambamba na ardhi. Baiskeli inayotumiwa na watu wa vimo tofauti katika kaya moja irekebishwe kila anapobadilika mtumiaji, si mtoto kuachwa akiendesha huku akining'inia juu ya bomba la fremu.

Wiki mbili za mwanzo

Katika siku za mwanzo vyuma vipya hukaa mahali pake. Waya za breki hunyooka, spoki hulegea, nati hupungua nguvu. Hilo si lazima liwe kasoro ya kiwandani, lakini huwa kasoro kubwa lisiposhughulikiwa.

Kiungo cha kuangaliwa zaidi kwenye baiskeli za kizamani za chuma ni kabari, yaani kipande cha chuma kinachofunga mkono wa pedeli kwenye ekseli. Dalili ya kulegea kwake ni mkono wa pedeli kucheza kidogo, au mlio wa kugonga kila mzunguko. Kabari hukazwa kwa kugongwa taratibu kwa nyundo huku upande wa pili wa mkono wa pedeli ukiegemezwa kwenye kitu kigumu, kisha nati yake hukazwa. Kuivuta kwa nati peke yake hukata nyuzi za kabari. Kwenye baiskeli za kisasa zisizo na kabari, mkono wa pedeli hushikwa na bolti au nati, nayo ikazwe vilevile. Mtu akiendelea kuendesha huku mkono ukicheza, tundu la mkono hupanuka na haliwezi kurekebishwa tena.

Baada ya safari chache za kwanza, na kwa vyovyote kabla ya wiki mbili kuisha, baiskeli irudishwe kwa fundi au ikaguliwe na mwenyewe: nati za magurudumu, usukani, siti, keria, madigadi, pedeli na mikono yake, breki, na spoki. Ni kazi ya muda mfupi, na mara nyingi ndiyo hutofautisha baiskeli itakayodumu miaka na ile itakayokongoroka kabla ya mavuno.

Kuteremka kuingia bondeni

Jina lenyewe la Yaeda Chini linaeleza hali ya mahali: eneo hili liko chini ya nyanda za juu za Mbulu, na anayetoka Haydom au Mbulu hana budi kushuka. Mteremko mrefu ndio hatari kubwa kwa baiskeli yenye mzigo, kwa kuwa mwendo huongezeka kuliko uwezo wa breki kuusimamisha.

Kabla ya kuanza kushuka, mwendeshaji asimame na kujaribu breki zote mbili. Mwendo udhibitiwe tangu juu kabisa. Si rahisi kuupunguza ukishakuwa mkubwa. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi ya kusimamisha, lakini juu ya vumbi na kokoto ikibanwa ghafla gurudumu huteleza na mwendeshaji huanguka kichwa mbele. Hivyo breki ya nyuma itangulie, ya mbele ifuate taratibu, na mwili urudi nyuma kidogo juu ya siti. Katika kona, mwendo upunguzwe kabla ya kuingia, si katikati ya kona.

Kubana breki mfululizo kwa muda mrefu huchemsha rimu na kuzichosha raba. Inafaa kusimama mara kwa mara, kuacha rimu ipoe na kupumzisha mikono. Panapokuwa na mteremko mkali, mawe yaliyolegea au mzigo mzito, mwendeshaji ashuke na kuisukuma baiskeli. Raba iliyolowa maji hushika kwa udhaifu. Baada ya kuvuka maji breki zibanwe polepole mara chache ili zikauke kabla ya kuzitegemea.

Barabarani

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, humhusu pia mwendesha baiskeli. Anapaswa kupita upande wa kushoto wa barabara, kuonyesha ishara ya mkono kabla ya kugeuka, na kutii alama za barabarani na maelekezo ya askari. Wanaoendesha pamoja wafuatane mmoja nyuma ya mwingine. Si salama kushika gari linalotembea ili kuvutwa, kuendesha baada ya kunywa pombe, wala kuongea na simu huku mkono mmoja ukiwa nje ya usukani.

Katika barabara za vumbi, gari likipita huacha wingu linaloziba macho. Mwendeshaji anayeona gari au lori likija asogee pembeni na asimame hadi vumbi litue. Gari la pili linalofuata nyuma ya la kwanza haliwezi kumwona ndani ya vumbi, naye hawezi kuliona.

Bonde la Yaeda ni eneo la wafugaji. Kundi la ng'ombe, mbuzi au punda linapokatiza njia, inafaa kupunguza mwendo kutoka mbali, kumsalimu mchungaji na kusubiri aelekeze. Kengele kali karibu na mifugo huweza kuitawanya. Kwa watembea kwa miguu, kengele ipigwe mapema na kwa adabu. Njia nyembamba za porini hutumiwa pia na wanyamapori, hasa asubuhi na jioni, hivyo safari za nyakati hizo zifanywe kwa tahadhari na, inapowezekana, kwa watu zaidi ya mmoja.

Kuendesha usiku kuepukwe. Asiyeweza kuepuka awe na taa nyeupe mbele, taa nyekundu au kiakisi mwanga nyuma, na nguo ya rangi ya kung'aa. Tochi ya kichwani humsaidia mwendeshaji kuona njia, lakini haimsaidii dereva anayetoka nyuma kumwona. Kofia ngumu ya baiskeli, iliyofungwa vizuri kidevuni, hupunguza uwezekano wa jeraha baya la kichwa na inashauriwa kwa watu wazima na watoto.

Mizigo, abiria na watoto

Dumu moja la lita 20 likijaa maji lina uzito wa kilo 20. Madumu manne ni kilo 80, yaani uzito wa mtu mzima. Gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100 kwa mujibu wa taratibu za vipimo, na lumbesa, ambalo hupita kiwango hicho, si kosa la kibiashara tu bali pia ni mzigo unaoweza kupindisha rimu na kuvunja spoki za nyuma. Mnunuzi aulize uzito unaoruhusiwa kwa keria ya baiskeli yake. Mzigo mzito kuliko uwezo wa kuumudu usukumwe kwa miguu, usiendeshwe.

Mzigo uwe chini na ulingane pande zote mbili. Kamba za mpira zifungwe na ncha zake zifichwe, kwani kamba inayoning'inia ikiingia kwenye spoki hufunga gurudumu mara moja. Hali kadhalika khanga, shuka na sketi ndefu: mwendeshaji azikunje na kuzifunga mbali na mnyororo na gurudumu, na abiria anayekaa upande afanye hivyo pia.

Jeraha linalowapata watoto wengi wanaopakiwa nyuma ni la mguu kuingia kwenye spoki. Kisigino hubanwa kati ya spoki na fremu, na ngozi, mishipa au mfupa hudhurika vibaya. Jeraha hilo huzuilika kwa mambo matatu: mtoto awe na mahali pa kuweka miguu, gurudumu la nyuma likingwe pembeni kwa wavu au ubao mwembamba, na mtoto avae viatu vilivyofunika kisigino. Mtoto mchanga aliyefungwa mgongoni asipakiwe kwenye baiskeli inayopita mteremko au makorongo.

Msimu wa mvua

Sehemu za chini za bonde zina udongo mweusi wa mbuga. Ukiwa mkavu hupasuka nyufa zinazoweza kunasa gurudumu jembamba. Ukilowa hunata na kujaa kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu likome kuzunguka. Kulazimisha pedeli katika hali hiyo hukata mnyororo au kupinda uma. Mwendeshaji asimame, akwangue tope kwa kijiti, au aibebe baiskeli hadi kwenye ardhi ngumu. Wanaopita njia hizo mara kwa mara wakati wa masika wanaweza kuyaondoa madigadi kwa muda.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni makorongo. Maji ya mvua iliyonyesha nyanda za juu huteremka bondeni kwa kasi, na korongo linaweza kujaa ghafla hata kama kule chini jua linawaka. Maji ya kahawia yanayokwenda kasi huficha kina chake na huweza kumwangusha mtu mzima. Baiskeli ndani ya maji hayo haimsaidii mwendeshaji, humvuta. Kanuni ni moja: korongo likiwa limejaa, msafiri asubiri lipungue au arudi. Kuchelewa sokoni, shuleni au kliniki hakulingani na thamani ya uhai. Daraja au kivuko kilichobomoka kwenye barabara za wilaya kitolewe taarifa kwa uongozi wa kijiji ili ufikishwe kwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA).

Miiba na pancha

Tairi la kujazwa upepo, ambalo John Boyd Dunlop alilisajilia hataza mwaka 1888, ndilo lililoifanya baiskeli iendeke kwa starehe kwenye njia mbovu. Udhaifu wake ni mwiba, na bonde hili lina migunga mingi. Hatua ya kwanza ya kinga ni upepo wa kutosha. Kiwango kinachofaa kimeandikwa ubavuni mwa tairi. Tairi lenye upepo mdogo hukusanya miiba zaidi, hukata mpira wa ndani kwenye kingo za rimu linapogonga jiwe, na huongeza uchovu. Kinga ya pili ni kuweka ukanda uliokatwa kutoka mpira wa ndani wa zamani kati ya tairi na mpira mpya wa ndani. Ya tatu ni kuegesha baiskeli mbali na kivuli cha mgunga, mahali ambapo miiba imelala chini kwa wingi.

Kila msafiri wa mbali awe na pampu, viraka, gundi, msasa, vyuma au vijiti laini vya kutolea tairi, na spana ya nati za magurudumu. Pancha huzibwa hivi:

1. Upepo hutolewa, upande mmoja wa tairi hufunguliwa na mpira wa ndani hutolewa. Bisibisi yenye ncha kali isitumike, kwani hutoboa upya.

2. Mpira hujazwa upepo kidogo na kuchovywa katika maji, au kusogezwa karibu na shavu, ili kujua tundu lilipo. Tundu hutiwa alama. Ukaguzi uendelee hadi mwisho kwa kuwa matundu yanaweza kuwa zaidi ya moja.

3. Ndani ya tairi hupapaswa kwa kitambaa, kisha kwa vidole kwa uangalifu, hadi mwiba upatikane na kung'olewa. Mwiba ulioachwa utatoboa mpira huohuo muda mfupi baadaye.

4. Mahali pa tundu husuguliwa kwa msasa, hupakwa gundi nyembamba iliyo pana kuliko kiraka, na huachwa hadi gundi isinate sana kidoleni. Kosa la kawaida ni kubandika kiraka gundi ingali majimaji.

5. Kiraka hubandikwa na kukandamizwa kwa nguvu. Mpira hurudishwa ukiwa na upepo kidogo ili usijikunje, tairi hufungwa kwa mikono, kisha hujazwa kikamilifu baada ya kuhakikisha kuwa mpira haujabanwa chini ya tairi.

Ratiba ya matunzo

Kila kabla ya safari: upepo, breki zote mbili, nati za magurudumu na kamba za mzigo. Ukaguzi huu hauzidi dakika mbili.

Kila wiki: mnyororo ufutwe kwa kitambaa kikavu, utiwe oili tone kwa tone huku pedeli ikizungushwa nyuma, kisha oili ya ziada ifutwe. Katika vumbi, mnyororo unaochuruzika oili hugeuka msasa unaokula meno. Mafuta ya kula hayafai kwa kuwa hunata na kuganda. Mafuta ya taa husafisha lakini hayalainishi. Oili chafu ya injini hubeba chembe za chuma. Oili isifike kwenye rimu wala raba za breki.

Kila mwezi: spoki, mikono ya pedeli, usukani na siti zikazwe, raba za breki na waya ziangaliwe. Raba iliyolika hadi chuma chake kinakaribia rimu ibadilishwe mara moja, na waya wenye uzi mmoja uliokatika usisubiriwe ukatike wote.

Kila baada ya tope au kuvuka maji: baiskeli ioshwe kwa maji kidogo na kitambaa, ikaushwe, kisha mnyororo utiwe oili. Maji ya nguvu yasielekezwe kwenye ekseli, kwa kuwa huondoa grisi inayolinda gololi.

Kila mwaka: fundi afungue ekseli za magurudumu, ya pedeli na shingo ya usukani, asafishe gololi na kuweka grisi mpya. Tarehe 3 Juni, ambayo Umoja wa Mataifa uliitangaza mwaka 2018 kuwa Siku ya Baiskeli Duniani, huangukia mwanzo wa kiangazi bondeni, baada ya tope la mvua kufanya kazi yake. Ni wakati unaofaa kwa huduma hiyo.

Ajali inapotokea

Aliyeanguka asiinuliwe kwa haraka akilalamika maumivu ya shingo au mgongo. Damu inayotoka izuiwe kwa kukandamiza kitambaa safi juu ya jeraha. Aliyegonga kichwa asiachwe peke yake kwa saa 24 hata akionekana mzima. Kutapika, usingizi usio wa kawaida, maumivu ya kichwa yanayoongezeka, kuchanganyikiwa, degedege au maji kutoka sikioni au puani ni dalili za kumwahisha hospitali bila kusubiri asubuhi. Jeraha lililoingia udongo lisafishwe kwa maji safi na sabuni, na mgonjwa afike kituo cha kutolea huduma za afya kwa ushauri kuhusu chanjo ya pepopunda.

Namba ya dharura ya polisi ni 112, nayo hupigwa bila malipo. Kwa kuwa mawasiliano ya simu hayapatikani kila mahali njiani, anayesafiri kwa baiskeli kutoka au kwenda bondeni amwachie ndugu au jirani taarifa ya njia atakayopita na saa anayotarajia kufika.